Jina Nililolitaja

Mbao za mkaratusi zikipasuliwa mbichi hutoa harufu kali yenye utamu kidogo, kama dawa ya kifua iliyotiwa asali. Watu wengi wa Goma wanaipenda. Kwetu nyumba nyingi ni za mbao, na harufu hiyo ikisikika mtaani, ujue kuna mtu ameoa, au anajiandaa kuoa, au ameongeza chumba kwa ajili ya ndugu waliokimbia kutoka mashambani. Mwezi uliopita parokia yetu ilikuwa inajenga chumba cha katekisimu huko Munigi, na mimi, niliyefundisha watoto kwa miaka kumi na zaidi, niliombwa niende kuangalia kama benchi zitatosha. Niliingia. Chini kulikuwa na unga wa msumeno, kuta zilikuwa bado na unyevu, na madirisha yalikuwa hayajakatwa. Nikahesabu benchi mpaka ya tatu, kisha nikatoka na kukaa juu ya jiwe. Fundi aliniuliza kama nilikuwa nimekula. Nikamwambia nimekula, ila nilihitaji hewa. Halafu nikamwomba akate madirisha manne, si mawili, na akanitazama kama mtu anayeongezewa kazi bila sababu.

Sababu sikumwambia. Nitawaambia ninyi.

Nilikuwa na miaka tisa, na jina langu lilikuwa Kavira tu, bila nyongeza yoyote. Tulikaa katika nyumba ya vyumba viwili juu ya mawe meusi ya volkano, yale yanayokula viatu kuliko mtoto anavyokula mkate. Baba alikuwa dereva wa lori, akipeleka bidhaa Butembo na kurudi na maharagi. Barabara ilikuwa ikifungwa na vita mara kwa mara, na ikifungwa, baba alibaki upande wa pili, wiki tatu, wakati mwingine miezi miwili. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi na mama.

Mamaye baba tulimwita Koko, kama watu wengi wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Yeye alikaa Munigi, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu yangu ya wakati ule, katika nyumba ndogo yenye shamba lililochimbwa katikati ya mawe. Alikuwa Mkatoliki wa zamani, wa kusali rozari mchana kweupe huku akichagua maharagi. Kuku wake walikuwa hawana adabu, na sala zake zilitoka zimechanganyika: “Salamu Maria, umejaa neema, toka kwa maharagi weye, Bwana yu nawe.” Siku moja nilimuuliza kama Mama Maria hakasiriki. Alisema hata Maria alifuga kuku, anaelewa. Alikuwa akisali kwa sauti ndogo sana, ilibidi umsogelee ndipo usikie. Na kama mtu alimshangaa, alijibu: “Mungu si kiziwi, na mimi si kengele.”

Koko hakunipiga hata siku moja. Naomba mlikumbuke hilo, maana ndilo lililomponza.

Mama alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu ikafika, akazaliwa mvulana, akaitwa Emmanuel, akaishi siku tisa. Nilimbeba mara moja tu. Alikuwa mwepesi kama kitenge kilichokunjwa. Baada ya kumzika, mama aliacha kuimba wakati wa kusonga bugali. Alikuwa akisonga kimya, mwiko ukigonga sufuria, na sauti hiyo ikawa ndiyo sauti ya nyumba yetu.

Jirani mmoja alimhurumia akampeleka kwenye chumba cha maombi, nyuma ya soko. Aliyekuwa akikiongoza ni mwanamke tuliyemwita Mama Nabii. Jina lake la nyumbani sijalijua mpaka leo. Msifikiri alikuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mnene, mpole, mwenye mafua yasiyoisha na kitambaa cheupe cha kupangusia pua, na watoto walimpenda kwa sababu alikuwa na bonbon, peremende tamu, mfukoni. Siku ya kwanza alimshika mama mikono, akalia pamoja naye kweli kweli. Ndipo akamuuliza kama nyumbani kuna mtoto. Mama akasema yupo mmoja. Anakojoa kitandani? Wakati mwingine. Anasema peke yake? Anasema na kila kitu, hata na sufuria. Anakula sana? Mama alinieleza baadaye kwamba hapo alicheka kidogo, akajibu, mtoto gani wa Goma hali sana. Mama Nabii hakucheka. Alisema: “Mama, ndani ya nyumba yako kuna mutu anakula batoto wako.”

Tangu siku hiyo mama alianza kunitazama. Hakunigombeza, hakuninyima chakula. Alinitazama tu, kama mtu anayetazama mlima akiona moshi na kujiuliza kama ni wa kawaida. Nilipomwegemea tumboni, kama nilivyozoea, alijitoa taratibu akasema ana kazi. Nikadhani nanuka. Nikaanza kuoga mara mbili kwa siku, bila kuambiwa, jambo ambalo, nilikuja kujua, lilimwogopesha zaidi.

Jumatatu moja asubuhi alinivalisha gauni langu la misa. Nilifurahi, nikajua tunakwenda Munigi. Tulipofika njia panda, wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, walikuwa wanashuka kutoka Kibati na magunia ya makaa, magurudumu ya mbao yakilia juu ya mawe, nami nikageuka kupanda walikotoka. Mama akanishika mkono akanigeuza upande wa soko.

Chumba kilikuwa kipya. Mbao zilikuwa bado zinatoa maji, na kila mara tone la utomvu lilikuwa likishuka ukutani polepole. Hakikuwa na dirisha. Mabati yalikuwa chini sana, na kufika saa sita mchana joto lilitukalia kichwani. Mlango ulifungwa kwa kamba, kwa nje. Mama Nabii alinieleza kwa upole kwamba ndani yangu kuna kitu, kwamba si kosa langu, kwamba tutafunga siku tatu bila chakula, na nikisema ukweli kitatoka nami nitazaliwa upya. Nilimuuliza kama nitakuwa mtoto mchanga tena. Wanawake waliokuwepo walitazamana, na swali langu likawekwa upande wa ushahidi.

Siku ya kwanza waliomba juu ya kichwa changu. Nasema juu yake kwa maana halisi: mikono sita, minane, ikikandamiza na kutikisa, mpaka shingo ikawa kama si yangu. Walinitia mafuta machoni ili nione rohoni. Walininywesha maji ya chumvi. Walipiga kelele majina ya mapepo ambayo sikuyajua, na nilijaribu kuyakumbuka ili nijue lipi ni langu. Mama alikuwa kwenye kona, juu ya mkeka uleule niliolalia. Naye hakula kitu. Hakulazimishwa; alifunga kwa hiari yake. Nilipolia njaa aligeukia ukuta, nikamwona mgongo unatikisika.

Siku ya pili niliomba mwenyewe. Kila aliyeingia aliniambia niseme ukweli, na ukweli wangu, kwamba sikuwa na kitu, haukukubalika. Ningesema kingine, ningekuwa mwongo, na Koko alikuwa amenifundisha kwamba mwongo huanza kuoza kwenye ulimi. Kwa hiyo nilimwomba Mungu jambo ambalo nadhani ni watoto wachache wamemwomba. Nilimwomba anifanye mchawi. Anifanye upesi, kabla hawajarudi, ili nipate kitu cha kuungama bila kudanganya. Nikangoja. Nilijipapasa tumbo, nilisikiliza. Sikusikia chochote isipokuwa njaa, na nje, mtu akipita anauza sambaza, dagaa wa ziwani.

Siku ya tatu, mchana, Mama Nabii alikaa chini mbele yangu. Alikuwa amechoka pia, sauti imemkauka. Hakupiga kelele tena. Aliuliza maswali yaliyobeba majibu yake mgongoni.

“Walikupa kitu ukakula. Ilikuwa mukate ao karanga?”

Nikasema karanga.

“Nani alikupa?”

Ilibidi liwe jina la mtu. Nilipitisha watu wote akilini, mmoja mmoja. Jirani wa kushoto alikuwa mkali, angenipiga. Mwalimu wangu angenifukuza darasani. Baba alikuwa mbali, na mama alikuwa pale pale. Nikamtafuta mtu ambaye nikimtaja hatanichukia. Alikuwa mmoja tu.

Nikasema: “Koko wa Munigi.”

Watu wakapiga makofi. Kamba ikafunguliwa. Mwanga ulinigonga usoni kama maji baridi, na mtu akanishika kichwa nisianguke. Nikapewa uji wa mtama wenye sukari nyingi. Nilikunywa vikombe vitatu, nikatapika, nikaomba cha nne. Mama akanikumbatia, akaniacha niegemee tumboni kwake. Nilikuwa nimeungojea mwegemeo huo kwa wiki nyingi. Siwezi kuwaficha: nilikuwa na furaha.

Wakaniita jina jipya, Neema. Wakanishonea gauni jeupe. Jumapili iliyofuata nilisimamishwa juu ya kiti niwaeleze watu jinsi nilivyofunguliwa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba chumba kile kilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulinitoa kwenye chumba kidogo na kuniingiza kwenye kikubwa zaidi. Ushuhuda haukutolewa mara moja. Ulitolewa kila Jumapili, na kila Jumapili watu walitaka zaidi. Waliuliza sisi wachawi tulikuwa tukisafiri na nini usiku. Nilikuwa nimesikia watoto wengine wakisema ndege ya ganda la karanga, nikasema hiyohiyo. Tulikuwa wangapi ndani? Wanne, nikasema, kisha nikatumia ibada nzima nikijiuliza miguu yetu tuliiweka wapi. Watu walitokwa na machozi. Walinipa vitambaa na biskuti. Walisema nimekua kiroho. Nami usiku niliendelea kukojoa kitandani kama zamani, nikaamka alfajiri kufua shuka kabla mama hajaona, maana mtu aliyezaliwa upya hakojoi.

Maneno hayana miguu, lakini yalifika Munigi kabla ya Jumatano iliyofuata. Shirika la jirani, kikundi cha sala cha nyumba za karibu, ambamo Koko alisali kwa miaka, halikumfukuza. Lilianza tu kukutana bila kumwambia ni kwa nani. Kwenye bomba la maji wanawake waliondoa bido zao za kuchotea maji alipokaribia. Mtu alirusha mawe juu ya mabati yake. Hayo niliyasikia kwa vipande, watu wakizungumza na mama mlangoni.

Siku moja Koko alikuja. Nilikuwa uwanjani ninaosha vyombo. Aligonga kwenye mbao za ua, akasalimia kwa jina la mama. Mama alisimama ndani, hakujibu. Kupitia ufa niliona kitenge chake na fimbo. Alingoja kwa muda mrefu. Mwishoni akasema, kwa sauti yake ile ndogo: “Mwambieni mutoto sikasiriki.” Kisha nikasikia fimbo ikiondoka juu ya mawe, tok, tok, mpaka sikuisikia tena. Ningeweza kukimbia. Mlango wa ua haukufungwa kwa kamba, ulikuwa na komeo nililoliweza. Nilibaki na sufuria mkononi. Leo nikisikia watu wakisema mfungwa akifunguliwa hukimbia, nafikiria msichana yule na sufuria yake.

Baba alilala nyumbani siku mbili tu kati ya safari, hakuna aliyemwambia lolote, na mama akapata mimba tena. Kwenye chumba cha maombi waliimba, walinisifu mimi. Mwezi wa nne mimba ikatoka. Jumapili baada ya hapo alikuja amejifunga tumbo kwa kitenge, uso wa majivu, akakaa benchi ya nyuma. Mimi nilitoa ushuhuda wangu, wanne ndani ya ganda la karanga, na nilipomaliza Mama Nabii alisimama. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni. Alisema matawi tumekata lakini mzizi bado uko Munigi. Alisema Jumanne vijana wa maombi watapanda kwenda kuuleta.

Wote tulielewa. Mwaka ule ule, katika mtaa mwingine, mwanamke mzee aliletwa namna hiyo, na hakurudi kwake. Nilikuwa bado nimesimama juu ya kiti. Nawaambieni, sikuwa shujaa. Sehemu kubwa yangu ilikuwa inatafuta namna ya kushuka na kwenda kukaa. Lakini nilimwona Koko akiletwa, nikaona kwamba hata wakati huo angesema hakasiriki. Hilo ndilo sikuweza kulivumilia.

Nikasema: “Nilidanganya. Koko hakunipa kitu. Mimi siko mchawi, nilikuwa na njaa.”

Nilitegemea ukuta uanguke, au angalau watu wapige kelele. Mama Nabii alinitazama kwa huruma tu. Akawaambia watu wasiogope: kimerudi, ndicho kinasema. Akaagiza wafungue chumba, mara hii siku saba. Mnaona jinsi kilivyojengwa? Uongo ulikuwa ukweli, na ukweli ukawa ushahidi wa uongo. Hakukuwa na neno hata moja duniani ambalo ningeweza kulisema likanitoa. Mikono ikaanza kunishusha kwenye kiti.

Ndipo mama alipotoka benchi ya nyuma. Alitembea polepole, mkono mmoja tumboni, kwa kuwa alikuwa bado anavuja damu. Akapita katikati ya watu, akanishika kiwiko. Hakubishana na mtu. Alisema: “Mutoto huyu atakwenda kwanza nyumbani kula.” Mmoja wa wanawake akamwambia kwamba akitoka hivyo asitegemee kuzaa tena maishani. Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha, na tukatoka.

Hatukwenda nyumbani. Tulipofika njia panda, safari hii yeye ndiye aliyepanda kuelekea Munigi. Alikuwa akipumzika kila baada ya nyumba tatu nne. Vumbi jeusi lilinipaka gauni jeupe mpaka magotini.

Koko alikuwa nyuma ya nyumba, anapalilia kati ya mawe. Alinyoosha mgongo akatutazama. Mama aliketi juu ya jiwe, akitazama chini. Nikaona itakuwa ni mimi wa kusema. Nikapiga magoti kwenye udongo.

“Koko, ni mimi nilikutaja.”

“Najua.”

“Nani alikuambia?”

“Jina, batu wote waliniambia. Sababu nilijua mwenyewe. Walikufungia, ukatafuta pa kujificha, ukajificha kwangu. Ungejificha kwa nani mwingine?” Aliinama, akang'oa gugu moja. “Lakini nisikudanganye, Kavira. Imeniuma. Imeniuma sana.”

Nililia kwa namna ambayo sikuwahi kulia ndani ya kile chumba. Nimefikiri mara nyingi kwa nini sentensi hiyo ya pili ilinisaidia kuliko ya kwanza. Kama angesema tu amenisamehe, ningerudi nyumbani nikiwa bado Neema, mtoto anayepigiwa makofi. Aliponiambia imemuuma, nilijua kwamba nilichofanya kilikuwa kitu kweli, na kwamba mimi nilikuwa mtu kweli, anayeweza kumuumiza mwingine na bado akaambiwa ainuke.

Alimlaza mama kitandani kwake, akampikia mchuzi wa kuku. Alichinjwa jogoo yule asiye na adabu kuliko wote. Tulipokwisha kula, jua likiwa bado juu, Koko alinawa mikono akaniambia: “Ulimi wako umezunguka na uongo. Sasa uzunguke na ukweli.” Akachukua fimbo.

Tulipita nyumba saba za shirika lake. Kila mlango alinisimamisha mbele, yeye akabaki nyuma yangu, na nilipaswa kusema mwenyewe: mimi ni Kavira, nilisema Koko ni mchawi, nilidanganya kwa sababu ya njaa na woga, ninaomba msamaha. Nyumba ya kwanza sauti haikutoka, tukarudia. Ya pili walitupatia viti tukae. Ya nne mwenye nyumba, mzee aliyekuwa akiongoza sala zao, alivua kofia, akasema ni wao wanaopaswa kuja kupiga magoti, akaanza kulia, na mkewe akamwambia apunguze kelele, mtoto amelala. Ya sita mwanamke mmoja alisikiliza mpaka mwisho akafunga mlango. Mpaka Koko alipofariki, miaka kumi na moja baadaye, huyo hakupokea kitu kutoka mkononi mwake. Si kila mlango hufunguka, hilo nalo alinifundisha siku ile, maana alisema tu, “Haya, tuendelee.”

Jumanne vijana walikuja, kama walivyoahidi. Walikuwa watano. Walikuta uwanja umejaa bibi wa Munigi wamekaa kwenye mikeka, kila mmoja na rozari yake na ungo wa maharagi, na yule mzee wa nyumba ya nne amekaa mlangoni kwenye kiti. Aliwakaribisha, akawauliza majina ya mama zao, mmoja mmoja. Alikuwa akiwajua watatu kati ya hao mama. Wale vijana walisimama kidogo, wakasema walikuwa wanapita tu. Bibi mmoja akawaambia wasipite bure, maharagi ni mengi. Walichagua maharagi nusu saa nzima, ndipo wakashuka mjini.

Baba alirudi barabara ilipofunguka, tukamsimulia yote kwa mara moja. Siku ya tatu akapanda Munigi kubadilisha mabati yaliyotobolewa na mawe.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu hapo imani yangu ikang'aa. Haikuwa hivyo. Kwa miaka niliogopa kufumba macho nikisali, nikingoja mkono uniangukie kichwani. Mtu akiomba kwa kelele, hata leo, ninaangalia mlango uko wapi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoweza kuingia kwenye kitubio kwa mara ya kwanza, na padiri, mtu mvumilivu, alikubali tukae kwenye benchi nje ya kanisa. Kuungama bila kuulizwa, kwa jina langu, bila mtu kunipa majibu, kulinichukua nusu saa kwa dhambi tatu ndogo. Watu husema kuzaliwa upya kana kwamba ni tendo la Jumapili moja. Kwangu ilikuwa kama shamba la Koko: unaondoa jiwe, unapata udongo wa kiganja kimoja, unapanda hapo mbegu moja, unarudi kesho kuondoa jingine.

Mama hakuzaa tena. Hakuwahi pia kuniomba msamaha kwa maneno. Kila Jumamosi alimpelekea Koko sombe, mboga ya majani ya muhogo, akamfulia, na Koko alipougua alimwogesha kama mtoto. Nilichukulia kwamba hayo ndiyo maneno yake, nikaridhika. Nilimhesabu mama kama mtu aliyekuwa upande wa waliofunga mlango, ambaye Mungu alimsaidia akaufungua. Nilikuwa nimemsamehe hivyo, kwa ukarimu wa mtu aliyeteswa na mwenzake.

Siku ile niliyotoka kwenye chumba kipya cha katekisimu nilipita kwake. Sasa amezeeka, macho hayaoni vizuri. Nilimwambia kuhusu madirisha manne. Alipapasa ncha ya kitenge, kisha akazungumza kwa utulivu, kama anayeendeleza mazungumzo tuliyoyaacha jana.

“Ile siku ya tatu, alipokuuliza nani. Nilikuwa nangojea useme Mama.”

Nilimuuliza kwa nini ningesema hivyo.

“Batoto watatu walikuwa wamekufa ndani ya tumbo yangu na mikononi mwangu. Nilijua iko mimi ninabakula, sijui tu namna gani. Ungenitaja, ningeitika.”

Kwa hiyo katika kona ile, juu ya mkeka wetu, hakuwa amekaa mmoja wa walionifungia. Alikuwa amekaa mtuhumiwa mwingine, aliyefunga kuliko mimi, anayegeukia ukuta ili nisione, akingoja jina lake litoke kinywani mwa mtoto wake. Miaka yote hii nilikuwa nimemfungulia mlango mwingine, wakati yeye alikuwa bado ameketi ndani ya chumba kile cha kwanza.

Nikasogea, nikamwegemea. Nilimwambia tusali, naye akakubali, tukaanza Baba Yetu kwa sauti ndogo, mikono yake ndani ya yangu. Tulipofika pale pa kuomba msamaha, tulinyamaza wote wawili, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.

Akaanza yeye.